Tupime Kabla ya Kulaumiana: Umeme wa Nyumbani na Amani ya Familia

  

Ndugu msomaji, miongoni mwa mashauri yanayoletwa mbele yetu sisi tunaosuluhisha familia, yamo yale ambayo chanzo chake ni kidogo mno kuliko ugomvi wenyewe. Mojawapo ni umeme. Baba ananunua umeme akitaraji umfikishe wiki mbili, na siku ya sita mita inaanza kulia. Anauliza kulikoni. Mama anawataja watoto na televisheni yao. Watoto wanamtaja dada wa kazi kwamba anapiga pasi kila asubuhi. Dada wa kazi hana wa kumtaja, basi ananyamaza, na kunyamaza kwake kunahesabiwa kuwa ni kukiri.

Katika nyumba za kupanga hali ni nzito zaidi. Vyumba sita vinatumia LUKU moja, kila mwezi unakusanywa mchango, na kila mwezi yupo anayeapa kwamba yeye hana friji na kwa hiyo anamlipia jirani. Majirani wanafikia kutosalimiana, na wengine huhama kabisa.

Tumeyasikiliza mashauri ya namna hii kwa miaka mingi. Jambo linaloyakusanya yote ni kwamba kila mmoja analo neno la kusema, wala hakuna hata mmoja aliyepima. Makala yetu ya leo inahusu kupima.

Dhana haisimami mahali pa hesabu

Suratul Hujurat, sura inayofundisha adabu za kuishi pamoja, inatuamuru katika Aya ya 6 kuihakikisha habari kabla ya kuitolea hukumu, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Katika Aya ya 12 inatuonya tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi yake ni dhambi. Mara nyingi tunazifikiri aya hizi katika mambo makubwa ya heshima za watu. Lakini mtoto anayekemewa kila jioni kwa sababu ya chaja ya simu, ilhali hakuna ajuaye chaja ile inakula kiasi gani, naye amehukumiwa kwa dhana.

Na kuhusu kipimo, wapokezi wa Hadithi sahihi wametuhifadhia kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa maji ya mudd moja, na akioga kwa pishi, yaani mudd nne, hadi mudd tano. Mudd ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokusanywa pamoja. Wanazuoni wameitumia Hadithi hii kufundisha kuepuka israfu ya maji. Sisi tunataka msomaji atazame pia kwamba kiasi chenyewe kilijulikana, kikasimuliwa na kutufikia. Anayejua kiasi anachotumia anaweza kukipunguza kwa wastani. Asiyejua huishia ama kumwaga ovyo, ama kubana pasipostahili.

Kifaa chenyewe ni kipi?

Tuanze na uniti, kwani wengi tunainunua bila kuijua. Uniti moja ni kilowati moja inayotumika kwa muda wa saa moja. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kimekula uniti moja. Taa ya wati 10 itahitaji saa 100 ili ile uniti hiyo hiyo. Kwa hiyo mambo ni mawili daima: nguvu ya kifaa na muda wa kukitumia. Mabishano mengi ya nyumbani huzaliwa na mtu kutazama moja na kulisahau la pili.

Vifaa vya kupimia matumizi ya umeme nyumbani viko vya namna mbili kubwa. Cha kwanza huchomekwa kwenye soketi, kisha friji au televisheni ikachomekwa juu yake. Kioo chake kidogo huonesha wati za wakati ule na uniti zilizotumika tangu kilipowekwa. Hiki hakihitaji fundi, lakini hupima chombo kimoja kimoja, na tuangalie kisibebeshwe mzigo mkubwa kuliko ulioandikwa juu yake.

Cha pili hupima nyumba nzima. Kina kibanio kinachozungushwa kwa nje kwenye waya mmoja wenye moto unaotoka kwenye mita, na kioo kinachowekwa sebuleni au jikoni kikionesha matumizi ya nyumba wakati huo huo. Ukibana nyaya zote mbili pamoja, kinasoma sifuri, kwa kuwa umeme unaokwenda na unaorudi hufutana. Na nyumba yenye fezi tatu huhitaji vibanio vitatu. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, kwani hufanyika penye nyaya kuu. Ijulikane pia kuwa vingi vya vifaa hivi hukadiria nguvu ya umeme kuwa 230 volti wakati wote, hivyo hesabu yake inaweza kupishana kidogo na ya mita. Ya kuaminiwa katika malipo ni mita.

Mita iliyopo ukutani

Msomaji asiyeweza kununua kifaa asikate tamaa, kwani LUKU aliyonayo tayari ni kipimo. Juu ya mita kuna taa ndogo nyekundu inayomemeta, na pembeni pameandikwa ni mimemeto mingapi inayotimiza uniti moja: aghalabu 1,000, na mita nyingine 1,600 au zaidi. Ikiwa mita yako ni ya 1,000, hesabu taa imemeta mara ngapi kwa dakika moja, kisha zidisha kwa 60. Ikimemeta mara 10, nyumba inatumia wati 600 wakati huo. Ikimemeta mara 2, ni wati 120. Zima chombo kimoja, hesabu tena, na tofauti utakayoipata ndiyo matumizi ya chombo ulichozima.

Kipimo cha pili ni kusoma uniti zilizobaki na kuziandika katika daftari. Tunashauri zisomwe mara mbili kwa siku, baada ya Isha na baada ya Alfajiri, kwa kuwa saa hizi familia huwa pamoja na hazisahauliki. Tofauti ya usiku ni somo kubwa. Watu wamelala, hakuna pasi wala jiko, basi kilicholiwa ni cha friji, feni, taa za nje na vitu vilivyoachwa vikiwaka. Nyumba nyingi zitashangaa kuona usiku wao si mdogo kama walivyodhani.

Kipimo cha tatu ni cha usalama. Chomoa vyombo vyote na uzime taa zote, lakini swichi kuu ibaki imewashwa. Ikiwa taa ya mita bado inamemeta, upo umeme unaopotea ndani ya nyumba, pengine katika waya uliochakaa au chombo kilichosahauliwa, hita ya maji kwa mfano. Kisha zima swichi kuu. Ikiendelea kumemeta hata hapo, tatizo liko kati ya mita na swichi kuu, au kuna mtu aliyejiunganishia. Katika hali zote mbili muite fundi mwenye leseni au shirika la umeme, wala asithubutu mtu kuivunja lakiri ya mita. Umeme unaovuja unaweza kuua na kuunguza nyumba, na hilo ni kubwa kuliko uniti.

Nani hasa anakula umeme?

Sasa turudi kwa mtoto na chaja yake. Betri ya simu nyingi za leo hujazwa kwa umeme usiozidi wati 25 kwa saa, ukijumlisha na ule unaopotea njiani. Kwa uniti moja simu inaweza kujazwa mara 40 hivi. Ama chaja iliyoachwa ukutani bila simu, ikiwa ni nzima, haifiki hata nusu wati. Kwa mwezi mzima haikamilishi nusu uniti. Ni vema kuichomoa, lakini haistahiki ugomvi.

Tuitazame sasa taa ya nje, ile ya mlangoni ambayo hakuna anayeigombeza. Ikiwa ni balbu ya zamani ya wati 60, na ikawaka saa 12 kila usiku, kwa siku 30 inakula uniti 21.6. Ukiweka balbu ya LED ya wati 9 mahali pale pale, kwa saa zile zile, itakula uniti 3.24. Tofauti ni zaidi ya uniti 18, na mwanga haupungui.

Friji nayo haiwezi kupimwa kwa dakika moja, kwani huwaka na kuzima. Ipimwe kwa saa 24 kamili. Friji nzima ya kawaida hula kiasi cha uniti moja hadi mbili kwa siku. Ikizidi hapo, tazama mpira wa mlango: weka karatasi, funga mlango, kisha uivute, ikitoka bila kushikwa, baridi inatoka nayo. Tazama pia kama friji imesukumwa hadi ukutani ikakosa hewa nyuma, au kama barafu imeganda unene wa kidole. Katika joto la mwambao wetu makosa haya hugharimu zaidi.

Vyombo vya kutoa joto ndivyo vyenye nguvu kubwa: pasi wati 1,000 na zaidi, birika la umeme wati 1,500 hadi 2,200, na hita ya kuogea inayochemsha maji papo kwa papo huweza kuzidi wati 3,500. Lakini hapa tukumbuke muda. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji hugharimu kiasi cha moja ya saba ya uniti. Chai si israfu. Israfu ni kujaza birika zima kwa kikombe kimoja, kisha kulichemsha tena baada ya nusu saa ilhali chupa ya chai ipo kabatini. Vivyo hivyo, anayepasha pasi kila asubuhi kwa shati moja anatumia zaidi ya anayepiga nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja.

Kwa kipimo hiki, dada wa kazi aliyenyamaza huenda akaonekana ana sehemu, na huenda akaonekana hana. Mara nyingi itadhihiri kuwa mlaji mkubwa ni taa iliyowekwa na baba mwenyewe, au friji iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika.

Uniti ya 76

Wapo wanaosema, faida ya yote haya ni shilingi ngapi? Katika bei zilizotangazwa Tanzania Bara mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa daraja la D1, yaani mwenye matumizi madogo, aliwekewa shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Kwa hesabu hiyo, anayetumia uniti 100 analipa 7,500 za uniti 75, na 8,750 za uniti 25 zilizozidi. Jumla ni 16,250. Akipunguza robo ya matumizi yake akarudi kwenye 75, malipo yake yanashuka zaidi ya nusu. Na balbu ile moja ya nje imeshampatia uniti 18 kati ya hizo 25.

Ipo sababu nyingine ya mashaka inayofaa kujulikana. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Kwa hiyo fedha ile ile inaweza kuleta uniti chache katika ununuzi mmoja na nyingi katika mwingine ndani ya mwezi huo huo. Anayehesabu shilingi atadhani umeme umeibwa. Anayehesabu uniti atajua matumizi yake hayakubadilika. Tuandike uniti daftarini, si shilingi.

Wanaotumia mita moja

Kwa wapangaji, mchango wa sawa kwa sawa ni halali wakiridhiana. Ama pale ambapo mmoja ana friji na mwingine ana taa na simu tu, uadilifu unataka ujulikane ukweli. Njia nyepesi ni kupima friji ile kwa siku tatu kwa kifaa cha kwenye soketi, na mwenyewe akalipa uniti zake kwanza, kisha zinazobaki wakagawana. Njia ya kudumu ni mwenye nyumba kuweka mita ndogo kwa kila chumba. Mwenye nyumba anayeweka mita hizo asiziuze uniti kwa bei ya kificho. Awaoneshe wapangaji risiti ya ununuzi. Makemeo ya Suratul Mutaffifin kwa wanaopunja vipimo hayakuhusu pishi za nafaka peke yake.

Wala haifai mtu kujitoa katika hesabu kwa kuunganisha waya wa wizi. Huo ni wizi wa mali ya umma, na mara nyingi ni chanzo cha moto unaoteketeza nyumba ya asiyehusika.

Kifaa kisigeuzwe fimbo

Tungekuwa hatusemi kweli tukidai kwamba kifaa peke yake hupunguza umeme. Mwaka 2006 mtafiti Sarah Darby wa Chuo Kikuu cha Oxford alikusanya tafiti za nchi mbalimbali, akaeleza kuwa familia zinazooneshwa matumizi yao papo hapo hupunguza kati ya asilimia 5 na 15. Baadaye, katika majaribio makubwa ya Uingereza ya mwaka 2007 hadi 2010 yaliyohusisha kaya zaidi ya 60,000, upungufu wa umeme kwa waliopewa mita mpya pamoja na kioo cha kuonesha matumizi ulikuwa mdogo zaidi, kiasi cha asilimia 3. Na utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kuwa upungufu wa asilimia 7.8 uliopatikana katika miezi minne ya mwanzo haukudumu. Watu walikizoea kifaa, wakaacha kukitazama.

Kwa hiyo faida iko katika kinachofanyika baada ya kutazama. Balbu iliyobadilishwa huendelea kuokoa hata daftari likipotea, na mpira wa friji uliotengenezwa haungoji kukumbushwa. Yanayotegemea kumbukumbu ya kila siku huchosha; tuyatangulize yale yanayofanywa mara moja.

Kuna hatari nyingine. Baba anaweza kukiweka kioo karibu na kiti chake, na kila namba ikipanda akapiga kelele. Huyo ameondoa dhana akaleta ujasusi. Aya ile ile ya 12 iliyokataza dhana imekataza pia kupelelezana. Kifaa kiwekwe mahali ambapo wote wanakiona, na namba zisomwe kwa zamu, mtoto leo, mama kesho, dada wa kazi keshokutwa.

Tena tusiuite ubahili uchumi. Suratul Furqan, Aya ya 67, inawasifu waja wema kwa kushika njia ya kati, hawafuji wala hawabani. Feni ya wati 60 ikimpepea bibi mgonjwa kwa saa nane inakula chini ya nusu uniti: shilingi 48 kwa bei ile ya chini, na 168 kwa bei ya juu. Mwenye kupima anajua kwamba usingizi wa mama yake haukuwa tatizo la nyumba yake, na hataizima feni hiyo.

Pa kuanzia

Kwa familia itakayotaka kuanza, tunapendekeza mwezi mmoja. Wiki ya kwanza msibadilishe kitu. Someni mita baada ya Isha na baada ya Alfajiri, muandike. Wiki ya pili pimeni vyombo kimoja kimoja, mkianza na friji na taa za nje. Wiki ya tatu fanyeni matengenezo mawili au matatu yenye faida kubwa. Wiki ya nne someni tena na mlinganishe na ya kwanza. Msianze ndani ya Ramadhani, kwani daku na futari hubadilisha matumizi na hesabu haitalingana. Baada ya hapo inatosha kusoma mara moja kila mwezi, siku ile ile.

Na kabla ya kulala zimeni kisichohitajika. Mtume (SAW) ametuamrisha kuzima taa usiku tunapolala, na Hadithi inataja sababu: panya huweza kuuburuta utambi akawaunguzia watu nyumba. Ilikuwa ni hifadhi ya roho kabla ya kuwa hifadhi ya mafuta. Pasi na jiko vilivyosahauliwa vimechukua leo nafasi ya utambi ule.

Ikiwa katika nyumba yako, ndugu msomaji, kuna mtu anayelaumiwa kwa sababu ya umeme, anza usiku wa leo. Soma mita baada ya Isha mbele yake, iandike, na umwambie kwamba lawama zimesimama mpaka wiki mbili za kwanza za hesabu zikamilike. Hata kama uniti hazitapungua sana, atakuwa amepumzika kutokana na tuhuma.

Tunamuomba Allah (SW) azijaalie nyumba zetu utulivu na uadilifu katika makubwa na madogo. Amin. Wallahu a'lam.